Saa ya Sebuleni

Dada yangu,

Huku salama, ila macho yananiwasha. Tangu mwezi jana tunafundishwa kwa kompyuta kukagua mizigo hapa uwanja wa ndege, na hata tukiwa kazini inatutega: inapachika picha ya bomu la uongo ndani ya begi la abiria wa kweli. Ukibonyeza kitufe chekundu mapema, inakupongeza. Mimi nimeshapongezwa mara arobaini, nikaanza kuota mapembe.

Jumanne niliona kwenye skrini kitu cha duara, betri, na waya umekizunguka. Nikajisemea, mtego huo, nikabonyeza. Kompyuta ikaandika: "Hii si picha ya mazoezi." Mkanda ukasimama, msimamizi akaja mbio. Nikainua macho, mwenye begi ni Mama, safarini kuja kwako.

Lilipofunguliwa, ilikuwa saa ya ukutani ya sebuleni, ile aliyopewa siku ya harusi yake, na waya ule ni wa chaja ya simu. Chini yake palikuwa na vyeti vyake vyote na picha zetu za utotoni.

"Inachelewa," aliniambia. "Nampelekea fundi wa huko kwa dada yako."

Nilimfungia zipu mwenyewe. Najua amekuambia anakaa wiki moja. Mtengee kabati zima, na usimhoji.

Jana nilipita nyumbani. Ukutani pamebaki duara jeupe. Baba hakumtaja Mama. Aliniuliza tu ni saa ngapi, mara tatu.

Ni mimi, mdogo wako.