Ukanda katika Maji ya Kahawa

Kuze, Mombasa, 1995

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zako zimetufikia, nasi sote tu wazima. Mamako kafungua duka la leso. Waniuliza marehemu babangu, fundi wa makubadhi, viatu vya ngozi, alijuaje ngozi iliyoiva, ilhali vifungo vya nyuzi za protini mnavyosoma chuoni havionekani kwa macho.

Alitumia moto. Babu yako alipokuja kuniposa, alileta makubadhi aliyoyashona mwenyewe. Baba akayakata ukanda mwembamba mbele ya wageni, akautia pamoja na kipande cha ngozi mbichi katika maji niliyoyateleka kwa kahawa. Maji yalipoanza kutoa mvuke, ngozi mbichi ikajikunja. Ya babu yako, iliyoivishwa kwa kulowekwa katika magome ya mkoko, ilibaki imenyooka hadi maji yakakaribia kuchemka.

"Nyuzi zikishikana zaidi, hustahimili moto zaidi," baba akasema, karidhika.

Mfereji wa nyumbani haukutoa maji siku hiyo, basi kahawa nikaipika kwa maji yale yale. Wageni walionja, wakaweka vikombe chini. Babu yako alimaliza chake, akaomba cha pili.

Baba alikuwa kapima ngozi. Mimi, nyuma ya pazia, nilimpima mtu, na hadi leo hajajikunja.

Akusalimu sana.

Nyanyako