Keki ya Harusi ya Dada Haitakatika

Mpendwa Mshauri,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka, kwa hiyo naomba unisaidie na tafadhali usinicheke. Keki ya harusi ya dada yangu si keki. Yaani kwa nje ni keki, nyeupe, ina maua, kila anayeingia anaisifia, lakini pale kisu kitakapopita hakuna keki, na anayejua ni mimi peke yangu.

Nina miaka kumi na sita na nina aibu sana, mgeni akiingia mlango wa mbele mimi natokea wa nyuma. Shangazi yangu ni mpishi wa keki za sherehe, amehamia kwetu kwa ajili ya harusi na analala chumbani kwangu. Labda hujui, hizi keki za ghorofa nyingi ni urembo tu, ghorofa ya juu na ya chini ni povu gumu, lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya, limepakwa sukari ya urembo, ila ya kati ndiyo keki ya kweli ya matunda, ndiyo bwana na bibi harusi wanayoikata watu wakipiga vigelegele, halafu wageni wanagaiwa keki nyingine ambazo shangazi ataoka siku moja kabla. Kazi yangu ni kupaka povu, na hiyo naiweza kwa sababu povu haliniangalii.

Mama mkwe wa dada alitaka keki itoke hotelini, akasema keki za nyumbani huwa na mambo. Dada, ambaye upande ule hajawahi kubishia hata chai baridi, akamjibu, "Hapana mama, keki yangu anaoka shangazi, na mdogo wangu anamsaidia." Akanishika bega mbele ya watu wote, nikatamani sakafu inifunike, lakini nilifurahi.

Sasa dada amenipa pia neno la shukrani, kwa lugha mbili, kwa sababu ndugu za shemeji wengi wanaongea Kiingereza na kwangu mimi ndiyo lugha ya shuleni. Sijawahi kusema mbele za watu, kwa hiyo shangazi alipoenda sokoni nikaingia stoo kufanya mazoezi, keki ndiyo ikawa wageni waalikwa. Ile ghorofa ya kati ilikuwa ukingoni mwa meza inakauka. Nilianza vizuri, Mshauri, Kiswahili nikakimaliza chote, nikaingia Kiingereza, nikafika pa kuwakaribisha mabibi na mabwana, nikafungua mikono kama ninavyoona wenzangu wanavyofanya, na mkono wa kulia ukaipiga. Ilianguka kifudifudi.

Sikulia. Nilichukua povu la saizi ile ile, nikalipaka, nikachora maua, na kwa sababu lilikuwa jepesi nikalitoboa chini nikashindilia pakiti ya chumvi, kisha nikapanga ghorofa zote tatu. Shangazi aliporudi akauliza, "Nani kapanga?" Nikasema mimi. Akaizunguka, akaiinua kidogo, akasema, "Mtoto, leo umekuwa fundi. Hapa siongezi kitu." Hajawahi kunisifu, nami nikaenda kuosha vijiko. Keki yenyewe iko kwenye begi langu la shule, kila usiku nakula kidogo na haiishi.

Harusi ni wiki ijayo. Kila nikifumba macho naona dada ameshika kisu, kisu kimegoma, na mama mkwe wake amesimama palepale anatabasamu. Nimwambie nani? Au niugue siku hiyo nisiende? Ngoja, hizo ni ndala za shangazi, anakuja huku, naificha hii chini ya

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako imekatika hapo, lakini bahasha imefika, na ina harufu ya zabibu kavu. Nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu harusi haingoji foleni.

Kwanza, pole. Kuangusha keki si dhambi. Nimeona harusi ambapo pete ilibaki kwenye suruali ya jana, na nyingine ambapo gari la maharusi liliishiwa mafuta, wakasukumwa na wapiga picha. Watu wale wameoana na wanaishi. Kilichokuangusha wewe ni hamu ya kumsemea dada yako vizuri, na hilo ninalipenda. Lakini ulipofika kwenye pakiti ya chumvi, huruma yangu ikapungua kidogo. Kuangusha ilikuwa ajali. Chumvi ulikusudia.

Kuugua siku hiyo usithubutu. Utalala nyumbani salama wakati dada yako anasukumana na povu mbele ya ukumbi mzima, naye hajui hata kwa nini.

Umesahau kitu ambacho umekiandika mwenyewe: shangazi yako bado hajaoka keki za wageni. Moto utakuwa umewashwa, unga utakuwa umekorogwa. Kinachotakiwa ni sufuria moja ya ziada, ichukue nafasi ya lile povu la kati. Haitakuwa ya matunda, na hakuna atakayejali. Watu hukumbuka nani alimlisha nani.

Najua unawaza kuioka mwenyewe kimyakimya. Acha. Jina litakalosemwa pale mezani ni la shangazi yako, na mwenye jina ana haki ya kujua kilicho ndani ya keki yake. Mwambie yeye, leo, si dada yako. Bibi harusi wiki hii ana ya kwake. Atasimuliwa baadaye, na atacheka mpaka ashike mbavu.

Asubuhi ya harusi, wewe na shangazi ichomeni ile keki kwa kijiti mahali kisu kitakapoingia, kisha mwonyesheni mshereheshaji upande wa kukatia. Kila harusi inahitaji mtu mmoja mtulivu mwenye pini, uzi, kitambaa safi na kisu cha akiba. Mtu wa aibu anaifaa kazi hiyo kuliko wote, maana huona mambo wengine wakiwa wanaongea. Na kwenye neno la shukrani, shika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

Sasa weka gazeti chini umfuate shangazi jikoni. Usianze na "samahani lakini". Sema, "Shangazi, ghorofa ya kati niliiangusha, nikaweka povu." Kisha nyamaza. Atakugombeza, na atakugombeza sana, mpaka ataje na mambo ya mwaka juzi. Usijitetee. Atakaponyamaza, atauliza mayai yamebaki mangapi. Ukisikia hivyo, mwanangu, ujue mambo yameisha; chukua kikapu ukimbie dukani.