Mdomo Wako Uko Mezani Kwangu

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Huko Migato mmeamkaje? Mgongo unakupa nafasi ya kupalilia? Na mvua je, imeikumbuka pamba yetu? Mimi Kulwa wako ni mzima. Nakula, nafanya kazi, joto la huku nimeshalizoea, ila samaki wanampika kwa nazi mpaka nasahau kwamba ninakula samaki.

Barua yako aliyoiandika Doto niliipata. Niliisoma nimesimama, nikafika pale uliposema: "Mwambie Kulwa amenitengenezea mdomo wa mtu mwingine," nikakaa chini. Sikufichi mayu, nilikasirika. Meno yale ya bandia niliyapanga na kuyapangua kwenye nta mpaka vidole vikaniuma, nawe umeyatia kwenye kikombe ukayaweka juu ya kabati! Nikasema moyoni, basi akae na pengo lake.

Kisha nikasoma chini zaidi. Kwamba siku ya harusi ya Doto, wakwe wakifika, shangazi ndiye atakayesimama kusema kwa niaba ya nyumba yetu, na wewe utakuwa jikoni. Hasira ikaniisha, nikaingiwa na hofu. Baba hayupo duniani. Ni nani mwingine wa kumtoa Doto? Tangu yule ng'ombe dume wa kulimia alipokurushia kichwa ukapoteza meno manne ya mbele, umeacha kuanzisha nyimbo kanisani, na ukiongea khanga iko mdomoni. Nikaapa palepale kwamba jikoni hutakaa.

Hapa karakana kazi haikatiki. Siku hizi watu binafsi wameruhusiwa kufungua hospitali zao, na madaktari wao wa meno wote wanamletea kazi Fundi Shabani, huyu anayenifundisha. Daktari ndiye anayechukua kipimo mdomoni, sisi tunatengeneza. Taya lako la plasta bado liko mezani kwangu, lile tulilolipata siku ile Bariadi, daktari alipokujaza mdomoni ule uji wa kipimo wa rangi ya waridi ukataka kumng'ata. Kila asubuhi nalipangusa vumbi kabla sijashika kazi ya mtu mwingine.

Juzi Baba Mdogo Masanja akaingia. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, baba mdogo amenunua na suti. Akagonga meza.

"Kulwa, mwanangu! Shemeji yangu namtaka ang'ae. Tia dhahabu, yote manne! Wakwe wajue hapa si kwa watu wa hivihivi."

"Baba mdogo, dhahabu ni kofia. Inavishwa juu ya jino lililobaki. Mayu pale hana hata kisiki."

"Basi ile nyingine, inayoitwa daraja. Haivuliwi, nimeiona kwa tajiri mmoja Mwanza."

Nikamwonyesha kwenye plasta. Daraja linataka nguzo, mayu. Ingebidi daktari ayasage meno yako mazima ya pembeni, yabaki vijiti, ndipo yavishwe kofia za kushikilia yale ya bandia katikati. Chonge zako ni ngumu, bado unavunjia nazo karanga. Sitaki mtu azisage kwa ajili ya kumfurahisha baba mdogo. Yako yatabaki ya kuvua, kisahani cha plastiki chenye vibanio viwili vya waya. Kwa kipimo sikukosea, maana mwenyewe ulisema hayachezi wala hayaumi.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Nikamuuliza baba mdogo, kwa kuwa yeye alikuona umeyavaa. Akaacha kucheka.

"Nilipoingia uani nilimwamkia kwa heshima zote," akasema. "Nilidhani ni bibi afya ametoka wilayani. Kumbe ni shemeji."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Nikachukua kile kipimo chetu cha rangi, vijino vilivyopangwa kuanzia cheupe kabisa hadi cha manjano, nikakumbuka nilivyochagua. Nilichukua cheupe kuliko vyote. Tena niliyabananisha meno yote manne kama matofali. Unajua kwa nini? Wateja hapa wakiniona nacheka wananiuliza, "Dada, kwenu hamna miswaki?" Hawajui kwamba maji ya visima vyetu ndiyo yanayotia meno ile kahawia, hata usugue vipi. Nimeishia kucheka huku mkono uko mdomoni, kama wewe na khanga yako. Aibu ilikuwa yangu mimi, mayu, nikaifanya yako. Nisamehe.

Nimeanza upya. Nimechagua meno ya manjano, kisha nikayatia mistari ya kahawia kwa brashi, kidogo kidogo, nikiyafananisha na ya kwangu kwenye kioo. Fundi Shabani akanishika mkono.

"Bi Kulwa, mbona unayachafua?"

"Siyachafui, fundi. Nayarudisha kwao."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akanisogezea taa.

Ukabaki mwanya wako, ule uliokuwa katikati ya meno ya mbele. Kwenye plasta haupo, kwa kuwa meno yenyewe hayapo. Picha yako ninayo moja tu, nayo umefumba mdomo. Doto hakuupata, ulikuja kwangu peke yangu, nami huku nimeuficha kwa kiganja muda wote huu. Basi nikalainisha nta, nikaing'ata mwenyewe, nikaupima, nikakuwekea vilevile.

Kwa hiyo baba mdogo anakuletea barua hii na kikopo. Ndani kuna kitambaa kibichi, meno yamo humo. Mwulize kama ameyaonyesha watu njiani, maana namjua. Yaanze polepole, na ugali laini kwanza. Usiku yavue uyatie majini, si juu ya kabati yakiwa makavu. Soma kwa sauti kila siku, hata tangazo la pamba, mpaka ulimi uyazoee.

Msalimie Doto, mwambie bibi harusi anayelia kila siku atavimba macho. Msalimie babu wa Lagangabilili, na mke wa kaka na kichanga chake ambaye sijambeba bado. Shangazi mpe salamu nyingi za heshima, umwambie siku ya harusi jikoni panamhitaji yeye, kwani hakuna anayemfikia kwa pilau. Ruhusa nimeshapewa, nitafika kabla ya wakwe.

Nao wakifika, mayu, simama, shusha khanga, cheka kwanza ndipo useme.

Ni mimi binti yako, mwenye mwanya wako,

Kulwa