Bomba Lililobisha Hodi

Mjukuu wangu Koku,

Hapa Ijuganyondo tu wazima, bibi yako anaanika kahawa. Umeuliza kwa nini bomba la kumwagilia nyasi hugonga ukifunga koki. Maji yanayokimbia hayapendi kusimamishwa ghafla; hulisukuma bomba likagonga.

Ujanani nilimwagilia bustani ya mwalimu mstaafu huko Nshamba, aliyefiwa na mkewe. Kila nilipofunga koki, bomba liligonga ukuta, naye akavaa koti haraka akiita, “Karibu!”

Siku moja alitoka akanikuta peke yangu. Akanishika mkono, tukafunga koki polepole. Kimya.

“Limepona, mwalimu!”

“Limepona,” akasema kwa huzuni, “lakini sasa sina mgeni.”

Kesho yake nilipomaliza kazi nilibisha hodi mwenyewe. Akanipa chai, akanisahihisha Kiswahili mpaka jioni. Ndiyo maana barua hii haina makosa.

Babu yako