Milango Miwili ya Stillhem

Jumanne, 12 Mei 2026

Baba Meli amepata chumba Rissne, upande wa pili wa Stockholm. Anahama Jumamosi. Basi! Miaka kumi na mitatu ya ndoa, na habari yenyewe naambiwa jikoni, mtu anakoroga chai.

Hakuna aliyempiga mwenziwe. Hakuna mwanamke wa nje. Tumenuniana tu tangu baridi ianze, mpaka siku ile nikamwambia, ukitaka kwenda, nenda! Nilitaka akatae. Kumbe mwenzangu kaanza kutafuta nyumba. Oduor na mimi, sijui nani mwenye kiburi zaidi.

Tumekubaliana kanisani wasijue mpaka safari ya Alhamisi ipite. Mimi ndiye kiongozi wa akina mama. Aibu.

Alhamisi, 14 Mei 2026

Sikukuu ya Kupaa. Kanisa zima la Waswahili ndani ya basi moja, kutoka Tumba mpaka Stillhem — kijiji cha waumini wa zamani walioiga dhehebu la Shaker la Marekani. Hawakuoana. Walilima, walichonga viti, walimwimbia Mungu, wakaisha mmoja mmoja. Bila watoto wangefanyaje? Sasa ni makumbusho. Safi kupita kiasi! Viti vimetundikwa ukutani, sakafu inang'aa.

Mikael, mzee anayetembeza wageni, akatutenganisha tangu nje: wanaume mlango wa kulia, wanawake kushoto. Hata ngazi ni mbili. Kaka na dada waliishi nyumba moja maisha yao yote bila kugusana mkono. Mama Gaudiose, Mrundi wetu asiyejua kunyamaza, akanipiga kiwiko: leo mumeo utamwona kwa mbali tu, Mama Meli! Wakacheka wote. Nami nikacheka. Nyumbani analala sebuleni tangu Februari.

Kisha ukumbi wa ibada. Mikael akaeleza walivyocheza: safu ya wanaume, safu ya wanawake, wanasogeleana, wanarudi nyuma. Alikuwa anaeleza tu, maskini. Lakini utawaambiaje watu wetu habari za kumchezea Mungu halafu utegemee watulie? Mchungaji Zénon akaanzisha pambio, Gaudiose akapiga vigelegele, safu mbili hizo! Mikael akapauka. Akawa anapunga mikono, viatu, viatu! Alikuwa anaililia sakafu yake, anataka tukome. Sisi tukadhani ametukaribisha. Tukavua viatu, tukaendelea! Mwishowe akaketi, naye akapiga makofi.

Oduor alikuwa mbele yangu. Mara ya kwanza alitazama chini. Mara ya pili akanitazama mimi. Mara ya tatu akanyoosha mkono. Mbele ya kanisa zima — Oduor, ambaye hata siku ya harusi alinishika kama anashika sufuria ya moto! Kiganja wazi. Anangoja.

Nami nikasema nini? "Hairuhusiwi!" Kwa sauti, kama mzaha. Watu wakaangua kicheko. Akacheka pia, akautia mkono mfukoni, safu ikarudi nyuma.

Niliogopa kulia mbele za watu, ndiyo sababu. Mkono ule niliutaka kuliko kitu chochote. Mjinga mimi! Mjinga!

Ijumaa, 15 Mei 2026

Nimejaribu. Nimekwenda mpaka sebuleni, nikasimama. Alikuwa anakunja mashati. Akainua uso. Nikamwuliza, "Umekula?" Akasema amekula.

Nikarudi jikoni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja, alikuja siku ile ile.

Jumamosi, 16 Mei 2026

Ephraim wa kwaya amekuja na gari la mizigo. Basi, kesho kanisa zima litajua. Hajui atazame wapi, amenisalimu mara mbili. Meli ameniuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yake, mbona baba amechukua mto wako? Nikamwambia amekosea. Hajakosea. Nilimwona akiuchagua.

Nimejifungia bafuni na daftari hili ili mtoto asinione. Masanduku yote yameshashuka. Ephraim anapiga honi huko chini. Oduor hajatoka — namsikia koridoni, anapumua kama mtu mwenye mafua.

"Mama Meli?"

Nikiitika nitalia.

Honi tena. Amemfungulia Ephraim dirisha, amemwambia angoje kidogo. Amerudi.

"Eve."

Jina langu! Tangu mtoto azaliwe hajaniita hivyo. Yuko hapa hapa nje ya mlango, kivuli cha miguu yake nakiona. Kitasa naweza kukifikia bila hata kusimama. Nami nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, naandika, bado naandika