Daftari Jipya la Baluku

Bwera, Alhamisi, 14 Agosti 2014

Kosa ni langu, si la muuguzi.

Dawa za kaka yangu Baluku ziliisha Jumatatu, na kliniki ya wagonjwa wa akili iko Alhamisi tu. Mara ya mwisho alipozikosa, tulimtafuta siku tatu, tukampata Kabatoro kwenye madimbwi ya chumvi.

Daftari lake la matibabu limeandikwa AKILI kwenye jalada, kwa wino mwekundu. Leo nililiacha nyumbani makusudi, nikanunua jipya langoni mwa kliniki, ili majirani kwenye foleni wasilisome neno hilo.

Muuguzi akafungua kurasa tupu. "Mama, alikuwa anakunywa dawa gani? Kiasi gani?"

Sikujua. Mimi ninayeandika humu hata siku mvua iliponyesha.

"Siwezi kubahatisha. Leta lile la zamani."

Nilikimbia na bodaboda. Niliporudi nalo, walikuwa wameshafunga. Mpaka Alhamisi ijayo.

Baluku alikuwa ananingoja kwenye benchi. Akacheka. "Dada, Bwera yote inanijua. Ulikuwa unamficha nani?"

Jioni hii ameanza kuzunguka uani, anamjibu mtu nisiyemwona. Daftari la zamani liko mezani. Viatu vyake nimevificha chini ya kitanda changu.