Fatiha ya Aliye Hai

Ukunda,
Jumatano.

Mama yangu mpenzi Bi Mwanapili,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limepoa na mwani umekauka vizuri. Mimi ni mzima wa mwili, na hapa dukani kazi ya kuuza madaftari ni ile ile. Salamu hizi nimezirefusha makusudi, utaona kwa nini. Tafadhali vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Nilikwambia nimejiunga na mafunzo ya uandishi huko Diani, kila Jumamosi. Mwalimu wetu ni Mercy, mtu wa bara, hodari wa kusema. Siku ya kwanza alituambia salamu ni takataka, tuzikate. Hadithi ya kubuni ianze na msiba. Nikamwuliza, na habari ya kweli je? Akacheka, akasema nayo ianze na msiba, na ikiwa msiba haupo, tuutafute. Niliona kinyaa, mama. Hata hivyo niliandika kila neno daftarini.

Kwanza niliandika habari zako kama zilivyo: unavyofunga mbegu za mwani kambani kwa lile fundo lako ambalo hapo Kibuyuni hakuna aliyeweza kulifungua, na unavyowatukana samaki tafi wanaokula mwani wako kana kwamba ni mawifi zako. Mercy aliisoma nusu, akauliza hasara iko wapi. Wenzangu walikuwa na hasara tele. Mmoja alichoma nyumba ya babake, mwingine alimfanya nduguye mwizi, na wote wakaapa ni kweli tupu. Darasa zima lilininukia kama samaki aliyelala.

Sasa nikuambie, nami nimo katika uvundo huo. Jumamosi iliyopita nilisoma mbele yao habari mpya, na ilianza hivi: marehemu mama yangu alizama, amenaswa na kamba zake mwenyewe za mwani. Watu wakalia. Jaafar, mwenzetu anayesomesha madrasa, mtu wa heshima zake, akasimama akasema tukusomee Fatiha. Wote wakainua mikono. Nami nikainua yangu, mama, nikaitikia amin. Mercy akasema habari hiyo ndiyo itakayofungua kitabu chetu cha habari za kweli. Najichukia.

Jana nilimpigia simu Mercy aitoe. Akataka sababu. Nikamwambia hujafa. Akasema basi ataihamishia kwenye hadithi za kubuni. Nimekataa, na huko sirudi tena.

Lakini Jaafar sikuweza kumwambia. Kesho ana safari ya Shimoni, na ameshikilia lazima apite Kibuyuni kuwahani jamaa zangu. Ndiye niliyempa barua hii, nikamdanganya kuwa ni ya mama mdogo, nikamwelekeza nyumbani kwako. Unaposoma haya, yuko hapo mlangoni kwako. Mkaribishe, mpe maji ya kunywa, kisha mwambie wewe ni nani, maana mimi nimeshindwa. Radhi yako nitakuja kuiomba mwenyewe Ijumaa, nimepiga magoti.

Nisalimie mama mdogo na majirani. Mola akupe umri mrefu, amin. Amin hii ya leo ni ya kweli.

Mwanao,
Twaiba